Mikono Minne, Kinanda Kimoja

Anayejifunza kuimba huwekwa katikati ya wenzake wa sauti moja, na akikosea, kosa lake humezwa na sauti za wengine. Anayejifunza ngoma husimama kando ya mkubwa anayeijua. Lakini anayejifunza kinanda huachwa peke yake na kitabu cha mazoezi, na miezi mingi hupita kabla hajatoa kitu ambacho mtu wa nyumbani angetamani kukisikiliza. Wengi hukata tamaa hapo. Sisi tunaosimamia muziki usharikani tumewaona wakikata tamaa, watoto na watu wazima, na tulizoea kusema kwamba hawakuwa na kipawa. Siku hizi hatusemi hivyo kwa wepesi.

Tulianza kutafuta dueti za piano kwa sababu ya umaskini wetu. Tuna kinanda kimoja na wanafunzi sita. Mtu mmoja katika kamati yetu aliuliza kwa nini wasikae wawili wawili, na swali hilo likatutuma kutafuta nota: vipande vya watunzi wa kale, vifupi, vya mikono minne, ambavyo mwanafunzi wa miezi mitatu anaweza kuvipiga bila kutoa machozi. Tulidhani kazi ni kupata vitabu tu. Katika kutafuta tulikutana na watu, na wengi wao walikuwa watu wa kanisani: wapiga ogani, wanakwaya wa utotoni, hata mmoja aliyekuwa njiani kuwa padre. Insha hii inawahusu hao, pamoja na vipande walivyotuachia.

Dueti za kale kabisa ambazo bado zinaweza kupigwa leo zinatupeleka Worcester, mji wenye kanisa kuu upande wa magharibi wa Uingereza. Thomas Tomkins aliwekwa kuwa mpiga ogani wa kanisa kuu hilo mwaka 1596. Alikuwa na rafiki aliyeitwa Nicholas Carleton, na kila mmoja wao aliandika kipande cha watu wawili kupiga kwenye kinanda kimoja. Vyote viwili vimo katika kitabu kilichoandikwa kwa mkono ambacho kilikuwa mali ya Tomkins, na sasa kimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uingereza, London. Carleton alieleza juu ya ukurasa kwamba chake chaweza kupigwa kwenye ogani au kwenye virginali, ambayo ni kinanda kidogo cha nyuzi kilichowekwa nyumbani juu ya meza.

Kipande cha Carleton kimejengwa juu ya wimbo wa kale wa kanisa, na ni cha ukoo wa vipande viitwavyo In Nomine, maana yake "katika jina". Ukoo huo ulianzia katika misa ya John Taverner, mtunzi wa karne ya 16. Kuna mahali katika misa hiyo ambapo kwaya inambariki yeye ajaye katika jina la Bwana. Hapo sauti zinapungua na wimbo ule wa kale unasikika wazi. Waingereza walipapenda mahali hapo kiasi kwamba waliendelea kutunga vipande juu ya wimbo huo kwa zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo marafiki hawa wawili walipokaa kwenye benchi moja, wimbo uliokuwa chini ya vidole vyao walikuwa wameupata ibadani.

Hatuvitaji vipande hivi ili mwanafunzi avianze, maana si vyepesi. Tunavitaja kwa ajili ya mwisho wa Tomkins. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Uingereza mwaka 1642, na mwaka huohuo askari wa Bunge waliingia Worcester na kuiharibu ogani. Mwaka 1646 mji ulisalimu amri, na ibadi za kwaya katika kanisa kuu zikakoma. Tomkins alikuwa amepita miaka 70. Aliyekuwa ametumikia ogani ile kwa nusu karne alibaki bila ogani, bila kwaya, bila kazi. Bado aliendelea kuandika muziki wa kinanda cha nyumbani, akiweka tarehe juu ya vipande vyake, mpaka miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 1656. Washarika waliowahi kufungiwa jengo lao, kwa sababu yoyote ile, watamwelewa mzee huyu bila maelezo zaidi.

Sasa turuke zaidi ya miaka 100 na kuhamia Austria, maana huko ndiko mwanafunzi anaingia katika hadithi. Joseph Haydn alikuwa ameimba utotoni katika kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, Vienna, na baadaye akaajiriwa na wakuu wa nyumba ya Esterházy. Katika miaka ya 1760 aliandika kipande cha mikono minne chenye jina la Kiitaliano, Il maestro e lo scolare, yaani mwalimu na mwanafunzi. Mpango wake ni rahisi hata mtoto anauelewa akiwa amesimama mlangoni. Mwalimu, aliyekaa kushoto, anapiga sentensi fupi ya wimbo upande wa chini. Anasimama. Mwanafunzi, aliyekaa kulia, anairudia sentensi ileile upande wa juu. Mwalimu anaendelea, mwanafunzi anamfuata. Ndivyo wanavyokwenda, na wimbo unabadilishwa kidogo kidogo, nota zikiongezeka na mwendo ukikaza, mpaka sehemu ya mwisho ambapo hatimaye wanapiga pamoja. Tunaoimba tenzi kwa kupokezana, kiongozi akitangulia na watu wakiitikia, hatuhitaji kufundishwa mtindo huu. Tahadhari yetu ni moja: sehemu za mwanzo zinamfaa mwanafunzi wa mwaka mmoja hivi, lakini zile za mbele zina vidole vingi sana. Acheni pale mnapoishia. Haydn hatakasirika.

Na kwa kuwa tumemtaja Haydn, tuseme pia kwamba alikuwa na desturi ya kuandika In nomine Domini, katika jina la Bwana, mwanzoni mwa kazi zake, na Laus Deo, sifa kwa Mungu, mwishoni. Hakubagua kazi za kanisani na kazi za sebuleni.

Nota za watu wawili zilichelewa kuchapishwa. Charles Burney, mwanahistoria wa muziki ambaye naye alikuwa mpiga ogani wa makanisa, alitoa dueti zake nne London mwaka 1777, na huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa kutoka mtamboni. Yasimuliwa kwamba aliagiza kinanda kirefu kuliko kawaida, cha oktava sita, kwa sababu wanawake wa siku zile walivaa sketi zenye pete kubwa ndani, na wawili hawakuweza kukaribiana kwenye kinanda cha kawaida. Wapo kina mama wa kwaya yetu waliocheka sana waliposikia habari hiyo, kisha wakatazama vitenge vyao vya sherehe wakanyamaza.

Wolfgang Mozart na dada yake Maria Anna, ambaye nyumbani aliitwa Nannerl, walipiga pamoja tangu utoto. Ipo picha ya familia yao, iliyochorwa Salzburg karibu na mwaka 1780, ambapo ndugu hawa wamekaa kwenye kinanda kimoja na mikono yao imepishana. Baba amesimama na fidla yake. Mama yumo katika fremu ukutani, kwa kuwa alikuwa amefariki Paris mwaka 1778. Sonata za Mozart za mikono minne, kama zile zilizoorodheshwa K. 381 na K. 358, ni za mwanafunzi aliyekwisha piga hatua. Tunazitaja kwa sababu nyingine. Piano ya Mozart ilikuwa na oktava tano, vibonye 61. Kinanda cha umeme kilicho katika sharika nyingi nacho kina vibonye 61. Tulipogundua hivyo tulifurahi kupita kiasi, kisha tukagundua kwamba havianzii mahali pamoja: cha Mozart kilianza chini zaidi, kwenye F, chetu kinaanza kwenye C. Nota saba za chini kabisa hatuna. Anayekaa kushoto atakutana nazo mara kwa mara, naye atazipandisha oktava moja na kuendelea. Kwa hiyo msiseme kwamba kinanda chenu ni kifupi mno kwa muziki huu. Kwa hesabu ya vibonye, ni kirefu sawasawa na kile kilichoutoa.

Mtu tuliyemtafuta hasa, bila kumjua, alikuwa Anton Diabelli.

Wanaojua historia ya muziki watamkumbuka kwa jambo moja tu. Aliandika wimbo mfupi wa dansi, akawaalika watunzi wengi wa Austria kila mmoja aandike badiliko moja juu yake. 50 walikubali, na Beethoven, badala ya moja, akaandika 33. Tangu hapo Diabelli anatajwa kama mfanyabiashara aliyetoa wimbo mdogo ukatukuzwa na mtu mkubwa. Sisi tunadhani kwamba hukumu hiyo ina upungufu.

Alizaliwa mwaka 1781 huko Mattsee, karibu na Salzburg. Aliimba kwaya akiwa mtoto, na katika utunzi alisimamiwa na Michael Haydn, mdogo wake Joseph. Familia ilimkusudia kuwa padre, naye akaingia katika monasteri ya Raitenhaslach, huko Bavaria. Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilifunga monasteri, na Raitenhaslach ikawa miongoni mwake. Kijana huyo alitoka nje ya lango akiwa na wito ambao mlango wake umefungwa. Alikwenda Vienna, akajipatia riziki kwa kufundisha piano na gitaa katika nyumba za watu, na baadaye akawa mchapishaji. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Franz Schubert, kijana wa mwalimu wa shule ambaye hakuna aliyetaka kuchapisha nyimbo zake.

Kati ya kazi nyingi za Diabelli kuna kitabu cha vipande 28 vya mikono minne, opus 149. Tungependa kila usharika wenye kinanda uwe nacho. Upande wa mwanafunzi umeandikwa kwa nota tano tu. Anaweka kila kidole juu ya kibonye chake, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, na katika kipande chote mkono hauhami. Katika vile vya mwanzo mikono yake miwili inapiga wimbo uleule, mmoja oktava moja juu ya mwingine, hivyo ajifunzacho mkono wa kulia, wa kushoto umekwisha kukijua. Nota tano! Ni wimbo ambao mtoto anaweza kuuimba akichota maji. Lakini kando yake, upande wa chini, mwalimu anapiga sauti zinazojaza chumba: besi inayotembea, sauti za katikati zinazobadilika, mahali pa furaha na mahali pa huzuni. Nota tano zilezile za mwanafunzi zinapokanyagiwa sauti nyingine chini yake zinageuka kuwa kitu ambacho hakukitegemea. Mtoto anajisikia anapiga muziki, na kweli anapiga muziki. Hakuna udanganyifu hapo. Wimbo ni wake.

Tulijiuliza urahisi huo ulitoka wapi. Diabelli hakuuondoa ugumu wa muziki, aliuhamisha. Aliuchukua upande wa kulia akauweka upande wa kushoto, juu ya mabega ya yule anayeweza kuubeba. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia juu ya kuchukuliana mizigo, nasi tumehubiriwa sura hiyo mara nyingi, kwenye misiba hasa. Hatukuwahi kuiona ikiwa imechapishwa kwa nota.

Kiti cha kushoto kina mambo yake. Katika vitabu hivi nota za anayekaa kushoto ziko ukurasa wa kushoto, na za mwenzake ukurasa wa kulia, hivyo kila mmoja anasoma ukurasa wake. Wenye fani humwita wa kulia primo, wa kwanza, na wa kushoto sekondo, wa pili. Kwa kawaida pedali iko chini ya mguu wa sekondo. Hapo ndipo penye kazi. Anapaswa kuikanyaga na kuiachia kwa kufuata wimbo ambao si yeye anayeupiga. Akijisikiliza mwenyewe, wimbo wa mwenzake utaloa kama nguo iliyosahauliwa nje usiku. Ni lazima masikio yake yawe upande wa pili wa benchi.

Jambo hili lilituletea mgogoro mdogo. Tunaye mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye amepiga tenzi za ibada kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Tulimwomba akae kushoto na binti wa miaka 11. Alifungua kitabu, akatazama ukurasa wa kulia, kisha wa kushoto, akauliza kwa upole wenye makali, "Yaani mtoto apige wimbo, mimi nimpigie tumba?" Tulijaribu kumweleza. Akasema amekuja kufundisha, si kusindikiza. Binti alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akisubiri wakubwa wamalize. Jumapili ile hawakupiga. Hatumlaumu. Katika kanisa letu anayejua huketi mbele, na hakuna aliyewahi kumwonyesha mpiga kinanda kwamba ujuzi wake unaweza kutumika bila kusikika kuwa wake.

Si kila jozi ni mwalimu na mwanafunzi. Kwa wawili wanaolingana kuna Carl Maria von Weber, ambaye naye alifundishwa na Michael Haydn, na ambaye mwaka 1801 alitoa vipande sita vidogo vyepesi, opus 3, akiwa bado kijana wa miaka 14. Kuna Daniel Gottlob Türk wa Halle, nchini Ujerumani, mpiga ogani aliyeandika kitabu kizima juu ya wajibu wa mpiga ogani, kisha akaona vipande vidogo vya watoto vya mikono minne si kazi ya kumshusha hadhi. Kuna Cornelius Gurlitt wa Altona, mpiga ogani pia. Beethoven ana sonata moja fupi, opus 6, ya mwaka 1797, yenye sehemu mbili tu; si ya wanaoanza, lakini wa mwaka wa tatu au wa nne wataiweza, na kijana anayejivunia jina la Beethoven atafanya mazoezi bila kusukumwa.

Schubert aliandika muziki mwingi wa mikono minne, mwingine kwa ajili ya mabinti wawili wa nyumba ya Esterházy aliowafundisha wakati wa kiangazi huko Zseliz, mwaka 1818 na tena 1824. Mwaka wa mwisho wa maisha yake kuna tukio moja tunalolipenda. Mapema Juni 1828 alikuwa Baden, nje ya Vienna, pamoja na rafiki yake Franz Lachner, ambaye alikuwa amewahi kuwa mpiga ogani wa kanisa la Kilutheri la Vienna. Jioni, wakikusudia kwenda kesho yake kuisikia ogani ya monasteri ya Heiligenkreuz, waliamua kila mmoja aandike fuga ya kupigwa hapo. Waliandika mpaka usiku ukaingia sana. Asubuhi walikwenda, wakakaa wawili kwenye ogani ile, wakapiga, na baadhi ya watawa wakasikiliza. Hakukuwa na tamasha, wala malipo. Novemba mwaka uleule Schubert alifariki, akiwa na miaka 31. Fuga yake, D. 952, haizidi kurasa chache, nayo ni ya mwendo wa polepole. Wapiga kinanda wawili wenye subira wataiweza, na inafaa sana kabla ya ibada ya Ijumaa Kuu.

Anton Bruckner pia asisahaulike. Kabla dunia haijamjua kwa simfoni zake ndefu alikuwa mwalimu na mpiga ogani katika monasteri ya Mtakatifu Floriani, Austria, na katika miaka ya mwanzo ya 1850 aliwaandikia watoto aliowafundisha vipande vitatu vidogo vya mikono minne. Ni vifupi mno. Ukivipiga, hutaamini kwamba ni mtu yuleyule.

Hapa tunatoka kidogo katika urahisi, kwa sababu hatuwezi kuzungumza juu ya mikono minne na imani tukaacha kumtaja Johannes Brahms. Kabla ya redio na santuri, watu wa Ulaya walizijua simfoni kwa njia hii: mtu alinunua nota zilizopunguzwa kwa mikono minne, akakaa na mkewe, dada yake au jirani, wakapiga. Wengi walijua kila sehemu ya Beethoven bila kuwahi kuona okestra kwa macho yao. Brahms alipomaliza Requiem yake ya Kijerumani, ambayo maneno yake aliyachagua mwenyewe kutoka Biblia ya Luther, na ambayo mama yake alikuwa amefariki mwaka 1865 wakati kazi ikiwa changa, aliitengenezea mwenyewe nota za mikono minne, akiziingiza hata sauti za kwaya ndani yake, ili ipigwe hata pale pasipokuwa na waimbaji.

Julai 1871 Requiem hiyo ilisikika Uingereza kwa mara ya kwanza. Haikuwa kanisani wala ukumbini. Ilikuwa nyumbani kwa daktari wa upasuaji, Sir Henry Thompson, Wimpole Street, London. Waimbaji walijipanga sebuleni. Mahali pa okestra palikuwa na piano moja na watu wawili: mke wa daktari, Kate Loder, mpiga piano hodari, na mzee Cipriani Potter, mwenye miaka 78, ambaye katika ujana wake alikutana na Beethoven Vienna. Potter alifariki Septemba mwaka huohuo. Tukio hili tunalifikiria mara nyingi. Kitabu cha historia ya muziki kingeweza kulitaja kwa mstari mmoja kama onyesho dogo, lisilo na okestra. Lakini maneno ya faraja kwa wanaoomboleza yaliingia nchi ile kupitia vidole 20 kwenye kinanda cha nyumbani, na kumi kati ya vidole hivyo vilikuwa vya mtu aliyebakiwa na miezi miwili na kidogo ya kuishi.

Walio karibu zaidi na wakati wetu wameendelea na kazi hiyo. Igor Stravinsky, akiishi Uswisi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliandika vipande vitatu ambavyo upande wa kushoto ndio mwepesi, kisha vitano ambavyo upande wa kulia ndio mwepesi, na hivi vitano aliviandika akiwafikiria watoto wake Théodore na Mika. Baba mwenye jina kubwa alikaa chini ili mtoto awe juu. Maurice Ravel naye aliandika Ma mère l'Oye kwa ajili ya watoto wawili wa marafiki zake, na mwaka 1910 ikapigwa Paris kwa mara ya kwanza na wasichana wawili wadogo.

Kuhusu kuzipata nota: Diabelli alifariki mwaka 1858, na Weber, Türk, Schubert na Haydn walimtangulia. Kazi zao hazina tena mwenye haki, na matoleo ya zamani hupatikana bure katika maktaba za nota za mtandaoni; mtu mwenye simu na duka la fotokopi jirani anaweza kuzipata kwa bei ya karatasi. Angalieni tu msinakili toleo jipya lililohaririwa juzi, maana mhariri naye ana jasho lake. Anzeni na Diabelli opus 149. Chapeni kurasa mbili mbili zikitazamana, la sivyo primo na sekondo watapotezana. Kinanda cha umeme kisicho na pedali, nunueni pedali. Ni kifaa kidogo, na bila hicho sekondo ananyimwa nusu ya kazi yake. Kaeni kwenye benchi, au viti viwili visivyo na mikono. Na mkubaliane mapema nani atageuza ukurasa.

Mzee wetu alirudi baada ya wiki tatu. Hatukumwita. Alikuta binti amekaa na mmoja wetu, ambaye alikuwa akiiharibu pedali vibaya mno, akasimama nyuma yetu akisikiliza mpaka akashindwa kuvumilia. "Inuka hapo," akamwambia mwenzetu. Akaketi, akavuta benchi, akaweka mguu mahali pake. Binti akasema, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba bila kutoa macho kwenye ukurasa, kisha akamwuliza kama anahesabu moja, mbili, tatu au anakisia tu. Binti akakiri kwamba anakisia. Basi wakahesabu kwa sauti, wote wawili, kipande kizima, bila kupiga nota hata moja, na sisi tukaenda kupanga viti.

Wamefika kipande cha tisa. Ukurasa anaugeuza binti, kwa kuwa mzee anasema mkono wake wa kulia una kazi.